Nimepigwa faini kwa kumtoa samaki majini sekunde kumi: tuzungumze sheria za stilihedi wa asili (uzi mrefu kidogo)

Mkojani wa Tacoma (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni mtu wa Kojani, Pemba, na anayeijua Kojani anajua kwamba mtoto wa kule hafundishwi kuvua, anajikuta tu anavua. Miaka tisa sasa niko Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kuna mzee mmoja tunafanya naye kazi, ndiye aliyenizoesha kwenda Rasi ya Olympic wakati wa baridi kuvua stilihedi, yaani trauti anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Ni mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari, ufike kwenye misitu ambayo mvua yake hainyeshi wala haiachi.

Februari tulikuwa kwenye mto mmoja wa huko. Saa nne asubuhi mshipi ukakaza, na baada ya mvutano nikamleta ukingoni. Kama kilo nne na nusu, mgongo rangi ya chuma, ubavu fedha tupu, na ule mstari wa waridi unaanza kutokea. Nikamtazama nyuma mgongoni, karibu na mkia: pezi dogo la mafuta lipo. Lile pezi likiwepo, samaki ni wa asili, kazaliwa mtoni, na humchukui. Waliokuzwa kwenye vituo vya vifaranga hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo ili mvuvi awatambue. Hayo nilikuwa nayajua.

Nilichokidharau ni kwamba samaki unayetakiwa kumwachia huruhusiwi hata kumtoa majini mwili mzima. Nikamnyanyua. "Mzee, piga haraka nimtumie kaka." Sekunde kumi hazikufika. Nikamrudisha, akatikisa mkia akazama. Nageuka, kuna afisa kasimama juu ya gogo, ananitazama kama mwalimu wa chuoni aliyekukuta unakula embe za msikiti.

Faini sitaitaja, mke wangu yumo humu.

Kosa ni langu, sibishani nalo. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nimeona sheria hizi zina hesabu ndani yake ambayo sisi watu wa pwani tunaielewa, ila tumeizoea kwa sura nyingine. Msimu wa 2020–21, kwa mfano, Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington ilipiga marufuku mtu kuvua akiwa ndani ya boti kwenye mito ya pwani. Ukitaka, teremka nalo mto, lakini ukivua shuka usimame kwa miguu yako. Chambo kikapigwa marufuku. Ndoana iwe moja, na ile ya kijino kinachozuia isichomoke, kijino kiondolewe. Na haya yote kwa samaki ambaye tayari ilikuwa marufuku kumchukua!

Swali langu kwenu: kama samaki haliwi, kwa nini bado wanabana namna ya kumvua? Mimi nina jibu langu, lakini nataka kuwasikia kwanza.

---

Pweza Mkavu

Yaani una leseni ya kumkamata lakini si ya kumla. Wazungu bwana.

---

Bi Kidawa

Mwanangu Mkojani, pole na faini, lakini na mimi nakupiga ya pili. Huyo samaki amekukosea nini? Kwetu samaki akitoka majini anakwenda chunguni, na kama hutaki kumla unamwacha na maisha yake. Kumchoma ndoana mdomoni, umkimbize mpaka achoke, kisha umwambie nenda salama, huo ni mchezo gani?

---

Gura Juu

Niko Nyeri, nimesoma hii nikacheka kwa sababu huyo samaki ni wa hapa kwetu pia. Stilihedi na trauti wa upinde wa mvua ni spishi moja, *Oncorhynchus mykiss*. Tofauti ni kwamba mmoja anakaa mtoni maisha yake yote na mwingine anaenda bahari kuu anarudi. Wetu waliletwa na wakoloni. Mlowezi mmoja Mwingereza, Grogan, ndiye alileta mayai ya trauti wa kahawia, wakawekwa mto Gura 1905, na hao wa upinde wa mvua wakafuata baadaye. Kiganjo mpaka leo kuna kituo cha kuzalisha vifaranga.

Kwa hivyo hapa kwetu trauti ni mgeni, hata kuna watu wanasema anakula wadudu na samaki wadogo wa asili wa mito ya mlima. Huko kwenu ndiye mwenye nyumba. Samaki mmoja, huku tunamwaga mitoni, huko wanamlilia.

---

Mkojani wa Tacoma

Gura Juu, asante sana, na hapo umegusa kitu ambacho kilinishangaza kuliko vyote. Hao wa kwenu hawana pa kwenda, bahari iko mbali na njia haipitiki. Lakini damu ya safari inaweza kulala ikaamka. Mto Elwha, kaskazini mwa rasi hii hii, ulizibwa na mabwawa mawili karibu miaka mia. Trauti waliobaki juu ya mabwawa wakawa wakazi. Mabwawa yakabomolewa kuanzia 2011 hadi 2014, na stilihedi wa kiangazi (wale wanaoingia mtoni majira ya joto), ambao walikuwa karibu wametoweka mto ule, wakaonekana tena. Wanasayansi wakapima vinasaba wakakuta wengi wanatokana na wale waliokuwa wamefungiwa juu. Vizazi na vizazi vimekaa ndani, mlango ulipofunguliwa wakakumbuka bahari.

Bi Kidawa, shikamoo. Hoja yako nzito na sitaikimbia. Nakiri kwamba ni mchezo. Sitamwambia mtu kwamba samaki anafurahi. Lakini leseni na kodi za vifaa vya hao wanaocheza zinalipa sehemu kubwa ya wanaohesabu samaki, na hao hao wavuvi ndio wanaopiga kelele mto ukichafuliwa na wakata miti. Siku wavuvi wakiondoka wote mtoni, nani atajua samaki wamepungua? Hilo halifuti ulichosema. Nimelisema tu.

Sasa jibu la swali langu mwenyewe.

Kumwachia samaki si bure. Wengine hufa. Ndoana ikiingia kwenye matamvua au kooni anavuja damu, na chambo ndicho kinachomezwa mpaka kooni, ndiyo maana chambo hukatazwa kwanza. Ukimshika kwa mikono mikavu, ukamlaza kwenye kokoto, unamtoa ute unaomkinga. Ukimtoa majini baada ya mbio ndefu, matamvua yake yanashikamana kama karatasi mbichi, wakati ndipo anapohitaji pumzi kuliko wakati wowote. (Hapa ndipo nilipoelewa faini yangu.) Wasimamizi wa samaki wa Washington kwa kawaida huhesabu kwamba katika kila stilihedi 10 wanaoachiwa, mmoja atakufa. Kuna tafiti za British Columbia zilizopata chini ya hapo kwenye maji baridi na mikono yenye adabu, lakini tuchukue 10%.

Mto Hoh, hapo rasi, lengo la wasimamizi ni samaki 2,400 wa asili wafike kutaga. Tuseme mwaka huu wameingia 2,500. Mtu atasema kuna ziada ya 100, na hakuna anayechukua hata mmoja, basi tuvue. Lakini tuseme kila samaki, kwa wastani, anakamatwa mara moja kabla ya kutaga. Na hilo si ajabu: mito yenyewe ni michache, imefungwa mingine, watu wote wamehamia hii iliyobaki. 2,500 mara 10% ni 250. Umebaki na 2,250. Umeshuka chini ya lengo na hakuna aliyebeba samaki hata mmoja nyumbani!

Kwa hiyo, Pweza Mkavu, sheria inachobana hapo ni *kukutana*. Mara ngapi samaki anakutana na ndoana. Mtu aliye botini anafika kila kidimbwi kuanzia asubuhi hadi jioni, kilomita nyingi, pahali ambapo wa miguu hafiki. Ukimshusha botini umempa samaki vidimbwi vya kupumzikia ambavyo havifikiwi.

---

Pweza Mkavu

Mkuu hapo umenifunga. Nilikuja kutania, sasa naweka mkeka nakaa.

---

Fundi wa Kent

Niko hapa Kent, Washington, jirani yako. Mimi nina neno ambalo wengi hawapendi kulisema. Tunabanwa sisi wenye fimbo moja, ndoana isiyo na kijino, hatuchukui kitu. Wakati huo huo mdomoni mwa mto makabila ya Wahindi Wekundu wanatega nyavu na wanachukua samaki wa asili, ni halali. Hiyo haki iko wapi? Mtu mmoja anatembea kwa vidole, mwingine anakimbia na viatu vya chuma.

---

Mama Nadia

Fundi, taratibu. Kwanza hilo jina acha, sema Wenyeji wa Amerika, au taja kabila lenyewe. Pili, ngoja nikupe historia, maana mimi nimefundisha shule hapa Olympia na hii inasomeshwa.

Kati ya 1854 na 1856 gavana Isaac Stevens alisaini mikataba na makabila ya hapa. Walitoa ardhi karibu yote. Kitu kimoja walichokataa kukitoa ni haki ya kuvua mahali walipozoea kuvua, kwa pamoja na raia wengine. Wakina Hoh, Quileute na Quinault wamo. Miaka mia ikapita jimbo likiwakamata kwa kuvua kwenye mito yao wenyewe. Billy Frank Jr., mtu wa kabila la Nisqually, mto wake uko hapo karibu na kwa Mkojani, alikamatwa mara zaidi ya 50, ya kwanza akiwa na miaka 14. Tarehe 12 Februari 1974 Jaji George Boldt akaamua kwamba maneno "kwa pamoja" maana yake ni mpaka nusu ya samaki wanaoweza kuvunwa ni wa makabila, na kwamba wao ni wasimamizi pamoja na jimbo. Mahakama Kuu ya Marekani ikaunga mkono 1979.

Kwa hiyo samaki wao hawatoki kwenye fungu lako. Wana fungu lao. Sisi tunalitumia letu kwa michezo, nao wanalitumia kwa chakula, biashara na mazishi. Ukitaka kujua nani aliwamaliza samaki, anza na mabwawa, ukataji miti na vituo vya vifaranga, halafu ndiyo uje kwenye nyavu.

---

Fundi wa Kent

Mama Nadia nimekusikia, na jina nimelifuta kichwani. Lakini mto ukiwa chini ya lengo, nusu ya sifuri ni sifuri. Hapo nao wanatakiwa kusimama.

---

Mkojani wa Tacoma

Na mara nyingine wanasimama. Kuna misimu makabila yamepunguza siku za nyavu au kufunga kabisa, kwa sababu wao mto ukifa hawana mto mwingine wa kuhamia. Mimi na wewe tutakwenda kwingine. Ila nakubali kwamba mazungumzo ya jimbo na makabila hufanyika nyuma ya mlango, na mvuvi wa kawaida anaambiwa tu matokeo. Hilo ndilo linalozaa maneno kama hayo yako ya mwanzo.

Mfano ninaoupenda ni mto Skagit, kaskazini ya Seattle. Stilihedi wa eneo la Puget Sound waliwekwa kwenye orodha ya sheria ya viumbe walio hatarini 2007. Uvuvi wa kukamata na kuachia wa majira ya kuchipua ukasitishwa pale mwaka 2010. Watu wakapiga kambi mtoni bila ndoana, wanadai mto ufunguliwe kwa mpango. Ulifunguliwa tena 2018, na mpango wenyewe umeandikwa wazi kama ngazi: wakitarajiwa samaki 4,000 au pungufu, vifo vyote kwa pamoja, vya nyavu za makabila na vya walioachiwa na wenye fimbo, visizidi 4%. Wakiongezeka, asilimia inapanda ngazi, mpaka 25% wakipita 8,000. Mwaka 2022 matarajio yalikuwa chini ya 4,000, mto haukufunguliwa kwetu. Hakuna aliyeshangaa, maana ngazi ilishaandikwa kabla. Kanuni ikijulikana kabla ya msimu, mtu ananuna lakini haoni kama kaonewa.

Linganisha na rasi ya Olympic: msimu wa 2021–22 ulifunguliwa, halafu ukafungwa ghafla tarehe 1 Machi wakati waongozaji, wale wanaowapeleka watu kuvua kwa malipo, wameshachukua amana za wateja hadi Aprili. Kibiolojia walikuwa sahihi. Lakini namna ile inawafanya watu wachukie hata sheria nzuri.

---

Afisa Uvuvi Mstaafu

Nimefanya kazi Kanda ya Ziwa, Mwanza, zaidi ya miaka ishirini. Nimependa uzi huu. Swali la kitaalamu: si wana vituo vya vifaranga? Kwa nini wasimwage vifaranga wa kutosha, watu wavue, wa asili wapumzike? Hiyo ndiyo dawa ya kwanza anayokuletea mwanasiasa yeyote.

---

Mkojani wa Tacoma

Mzee wangu, shikamoo. Hapo ndipo palinitoa usingizi, na kijito chenyewe kiko dakika chache kutoka ninapokaa. Kinaitwa Chambers Creek. Leo pembeni yake kuna uwanja wa gofu. Miaka ya katikati ya karne iliyopita walichukua stilihedi wa kijito hicho, wakawazalisha wale waliorudi mapema, tena na tena, mpaka wakapata aina inayorudi Desemba na Januari. Kisha wakaimwaga mito mingi ya jimbo. Hesabu ilionekana nzuri: wa kituo wanarudi mapema, wavuliwe mapema, wa asili wanarudi Februari hadi Aprili, tuwaache.

Kumbe wa asili nao walikuwa na wao wa mapema. Mto mzima ulikuwa na samaki kuanzia Novemba. Nyavu na fimbo zilipojaa Desemba na Januari kufuata wa kituo, zikawafagia na wa asili wa mapema kwa miaka mingi. Leo tunasema "stilihedi wa asili ni wa Machi" kana kwamba ndiyo desturi yake, kumbe ni wale tu waliobaki baada ya sisi kupita. Ni kama kusema watu wa kijiji hiki hawaamki alfajiri, wakati waliokuwa wakiamka alfajiri ndio waliokamatwa na simba.

Hasara yake inaonekana mafuriko yakija. Samaki wote wakitaga Aprili na Mei, mwaka mmoja mbaya unawapata wote. Wakitaga kwa miezi mitano, wengine wanasalimika.

Kisha damu. Mto Hood, Oregon, walifuatilia kwa vinasaba wakakuta kila kizazi kinachokuzwa kwenye kituo kinapoteza karibu 40% ya uwezo wa kuzaa watoto wanaofika utu uzima porini. Utafiti ulitoka 2007. Basi wa kituo akipandana na wa asili, anamgawia udhaifu. Montana waliona kitu kinachofanana zamani zaidi: walipoacha kumwaga trauti kwenye mito yao miaka ya 1970, trauti wa asili wakaongezeka badala ya kupungua.

Vituo vyote si vibaya, kuna vinavyookoa kundi lililobakia samaki kumi. Lakini kama njia ya kuendelea kuvua wakati wa asili wanaisha, ni mkopo.

---

Afisa Uvuvi Mstaafu

Marahaba. Nimeelewa. Sisi tulijifunza kwa sangara, aliyeletwa Ziwa Victoria, kwamba samaki ukishamwaga humrudishi kwenye ndoo.

---

Baba Neema wa Uvira

Habari zenu bandugu. Mimi niko Uvira, upande wa Kongo. Nasoma habari ya hao wa Amerika nakumbuka sisi. Mwaka 2024, tarehe 15 ya mwezi wa tano mpaka 15 ya mwezi wa nane, Tanganyika ilifungwa, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia pamoja. Miezi tatu. Watu walilia sana, kwa sababu huku hakuna mtu anavua kwa kucheza. Mtoto atakula nini? Kwa hiyo mimi nikisikia mtu analia sababu wamemkataza kukaa katika bwato kwa samaki ambaye hamuli, nasema Mungu amsaidie.

Lakini nitasema na ingine. Ziwa lilipofunguliwa, ndagala walionekana. Na ile kufunga kwa nchi zote siku moja ndiyo ilisaidia. Ukifunga upande mmoja, wa ng'ambo anavua usiku huo huo.

---

Bi Kidawa

Baba Neema umesema kweli tupu. Na kwetu Pemba Kisiwa Panza wanafunga mwamba wa pweza, miezi kadhaa hakuna kugusa, siku ya kufungua wanawake wanatoka na pweza wa kilo mbili tatu. Hao wanafunga kwa sababu watakula baadaye. Ndiyo maana hesabu yao naielewa haraka kuliko ya Mkojani.

---

Mkojani wa Tacoma

Bi Kidawa, tofauti kubwa ni kwamba pweza anakua kwa miezi. Stilihedi anakaa mtoni miaka miwili hivi, kisha baharini miaka miwili au mitatu, ndipo arudi. Ukifunga mto leo, matunda yake unayaona baada ya miaka minne au mitano, na katikati hapo bahari inaweza kukuharibia yote, kama lile eneo kubwa la maji yaliyopata joto Pasifiki Kaskazini 2014 hadi 2016. Kwa hiyo hakuna "siku ya kufungua mwamba" ya kumwonyesha mtu ushahidi. Ni vigumu kuwashawishi wavuvi kwa kitu ambacho wengine hawataishi kukiona. Mzee wangu wa kazini ana miaka 67. Aliponiambia "mimi navua kwa hesabu ya mjukuu," nilinyamaza.

---

Mtoto wa Ilala

Wakuu niko Portland, Oregon. Huku kwetu shida si baridi, ni joto. Stilihedi wa kiangazi wanapanda mto Columbia Julai na Agosti, maji yanapita digrii 20, wanapata shida ya pumzi. Wanachofanya wanajibanza kwenye midomo ya mito midogo ya baridi inayoingia pale, Deschutes, Herman Creek, Eagle Creek. Wamejazana kama watu chini ya mwembe saa saba mchana. Na wavuvi walikuwa wanajua, wanakwenda kuwavua hapo hapo!

Sasa baadhi ya midomo hiyo imefungwa kwa uvuvi wakati wa joto. Na mito mingine, ikipata moto, kuvua mwisho saa nane mchana. Mwaka 2021 waliohesabiwa bwawa la Bonneville walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu waanze kuhesabu 1938. Mto Umpqua wa Kaskazini nao ulifungwa mwaka huo Agosti. Mimi binafsi hii ya kufunga kimbilio naiona ndiyo sheria yenye akili kuliko zote. Hugombani na mtu kuhusu ndoana gani, unamwambia tu samaki akikimbilia kivulini muache.

---

Gura Juu

Hiyo ya saa nane nimeipenda. Hapa Kiangazi cha Januari maji ya mto Sagana yakipungua, trauti wanalegea, na bado tunavua kutwa. Hakuna mtu aliwahi kuniambia niangalie joto la maji. Nitanunua kipimajoto.

---

Fundi wa Kent

Swali la waongozaji hamjaligusa. Mimi ndugu yangu wa ndoa ni mwongozaji huko rasi. Boti lake ni mtaji, kama daladala. Ukimwambia mteja ashuke avue kwa miguu, mteja wa miaka sabini kutoka Texas, goti moja la chuma, hawezi kusimama kwenye mawe yenye utelezi. Msimu ule wa 2020–21 alipoteza karibu nusu ya wateja. Mji kama Forks, mbao zimeisha, umebakia utalii. Mnaposema "samaki kwanza," semeni na nani analipa.

---

Mkojani wa Tacoma

Fundi, hii hoja yako naiheshimu kuliko ile ya kwanza. Sina jibu tamu. Ninachoona ni kwamba marufuku ya boti inampiga mzee na mlemavu zaidi kuliko kijana mwenye mapaja. Kuna njia nyingine ya kupunguza kukutana: idadi ya waongozaji kwa siku, au siku fulani za wiki boti zipumzike, au kipande cha mto cha juu kiwe bila boti na cha chini kiruhusiwe. British Columbia wana mito ambayo mgeni haingii bila kuomba siku zake mapema, na baadhi siku hizo hutolewa kwa bahati nasibu. Mimi ningechukua bahati nasibu kabla ya kumkataza mzee kukaa kwenye kiti.

Ila kumbuka, mpaka 2016 kwenye baadhi ya mito ya rasi ulikuwa bado unaruhusiwa kuchukua stilihedi mmoja wa asili kwa mwaka. Ilipokatazwa, watu walisema ndiyo mwisho wa Forks. Leo hata ndugu yako hawezi kumtundika mteja picha ya samaki wa asili aliyekufa, wateja wenyewe watamkimbia.

---

Pweza Mkavu

Mkojani, picha yenyewe ulimtumia kaka yako? Alisemaje?

---

Mkojani wa Tacoma

Nilimtumia. Akaitazama, akaniuliza "mmemla kwa ndizi au muhogo?" Nikamwambia nimemwachia. Kimya. Baada ya saa nzima akaandika: "Huko Marekani mnalipwa kwa kumwachia?" Nikamwambia hapana, nimelipa.

---

Jirani wa SeaTac

Samahani wakuu kuingilia, nimesoma kurasa zote. Nina watoto wawili, 9 na 13, wanataka kwenda kuvua majira haya. Wanahitaji leseni? Na nianze na nini ili yasinipate ya Mkojani?

---

Mkojani wa Tacoma

Jirani, karibu. Chini ya miaka 15 hawahitaji leseni Washington, lakini kwa stilihedi na samoni wanahitaji ile kadi ya kuandikia samaki, hata mtoto. Wewe mwenyewe leseni, na angalia tarehe: mwaka wa leseni unaanza 1 Aprili unaisha 31 Machi, usije ukanunua Machi ukafurahi wiki tatu. Kila unapotoka nyumbani soma matangazo ya dharura ya mto wako asubuhi hiyo hiyo, maana mto unaweza kufungwa usiku umelala.

Chukua koleo ndogo, ubane kijino cha ndoana mpaka kilale. Hakikisha kwa pamba: ipitishe, ikinasa hujamaliza. Wavu uwe wa mpira, usio na mafundo. Loanisha mikono kabla ya kumgusa. Watoto waambie wapige picha samaki akiwa ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mkono mmoja kwenye mkia na mwingine chini ya kifua. Inatoka nzuri tu, matone yanaonekana. Na simu iwe tayari kabla hujamleta, wala usianze kuitafuta mfukoni samaki akiwa mikononi.

Jumamosi ya wiki ijayo sina zamu. Kama mvua haitaufanya mto kuwa chai ya maziwa, nitakuwa Nisqually na mzee, kutazama tu, nikiwa na chupa ya kahawa. Mkija, leteni sambusa.